Shimo Chini ya Taili

Kwanza niondoe uongo. Watu wa hapa Gilgil wakieleza habari ya taili zangu husema mimi ndiye niliyefungwa kamba kiunoni nikavutwa nje kama mbuzi. Si mimi. Ni mtoto wangu wa kwanza, mtu mzima mwenye kitambi na kazi ya ofisi Nairobi, na kamba alijifunga mwenyewe akiwa na akili zake zote. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu nikimwambia akaze fundo, kwa sababu alikuwa amefunga lile la ndama.

Nyumba yangu ni ya mawe, kando ya mji, upande unaoteremkia bondeni. Mzee wangu aliijenga akiwa hai. Sakafu ilikuwa ya simiti nyekundu, ile ya kupakwa rangi na nta, kisha kusuguliwa kwa kitambaa mpaka mtu anajiona meno. Nilianza kuisugua kila Jumamosi huyo mtoto wa kwanza akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Haikuwa na shida yoyote. Lakini watoto wakipata kazi huwa wanaona shida kwa nyumba ya mama yao hata pale ambapo mama mwenyewe hajaiona. Alikuja Krismasi, akatazama chini, akasema:

"Mama, siku hizi hakuna mtu anakaa kwa sakafu nyekundu."

"Mimi nakaa."

"Namaanisha watu."

Nilimtazama mpaka akatoka nje kuangalia ng'ombe. Lakini taili zililetwa, na fundi akaletwa.

Fundi alikuwa kijana mwembamba wa kutoka Nakuru, penseli juu ya sikio, maneno mengi. Sina ubaya naye. Alikoroga gundi kwa ndoo, ile ya unga inayokuja kwa mfuko kama wa simiti. Akachukua taili, akaigeuza mgongo, akaweka madonge: moja kila kona na moja katikati, kama mtu anayepanga maandazi kwa sinia. Akaigeuza tena, akaibandika juu ya sakafu yangu nyekundu vile ilivyokuwa, na ile nta yake ya miaka yote, akaipigapiga na nyundo ya mpira, akasonga kwa nyingine.

"Kijana," nikamwambia, "hapo kwingine hakuna kitu."

"Wapi, Shosho?" akauliza, kama vile mimi ni bibi yake.

"Katikati ya donge na donge."

"Hiyo inajipanua yenyewe. Ukigonga inaenda mpaka pembeni."

"Imekuambia itaenda?"

"Shosho, wewe tuletee chai tu. Hii kazi nimefanya mpaka kwa hoteli za Naivasha."

Nikaleta chai. Shule niliachia darasa la tatu, na darasa la tatu hatukufundishwa taili. Akamaliza sebule, akapanda ukuta wa jikoni nyuma ya jiko, akajaza mistari ya kati ya taili kwa ule unga mweupe, akafagia, akaenda zake. Nyumba yangu ikang'aa kama hospitali. Mtoto wangu alipotumiwa picha alifurahi sana. Mimi nilianza kuvaa soksi ndani ya nyumba, kwa baridi.

Halafu nikaanza kusikia sauti.

Kuku akiingia alisikika miguu. Mlangoni alikuwa analia ko ko ko, akifika katikati ya chumba analia bo bo bo, kana kwamba amepanda debe. Kijiko kikianguka kililia kama mtu anabisha hodi. Zaidi ya mara moja nimesema "Karibu" kwa nyumba isiyo na mgeni, na nikakasirika kwamba haingii. Nikajiambia ndivyo taili zilivyo. Sikuwahi kukaa na taili, ningejuaje?

Ingeishia hapo kama si mvua.

Mvua ndefu ya mwaka huo ilikuja vibaya. Kihoto, kule Naivasha, watu walitoka kwa nyumba zao na viti juu ya kichwa. Na huku kwetu ardhi ikafanya ile tabia yake, ikapasuka. Watu wa bonde hili wanajua. Unalala na shamba moja, unaamka na mashamba mawili na mtaro katikati ambao huoni mwisho wake. Safari hii ufa ulipita kwa mahindi ya jirani wa chini ya barabara. Ulimeza choo, ukameza nusu ya ua, na punda wake akabaki upande ule mwingine. Wakawa wanamlisha kwa kumrushia nyasi, naye akazoea kungoja kama mtu wa hoteli.

Jirani yangu wa upande wa juu ni mwanajeshi mstaafu. Sote tunamwita Afande, hata mke wake. Asubuhi ile alikuja kunieleza habari ya choo. Nikampa chai. Akawa anaeleza kwa mikono na kwa miguu, vile anavyoeleza kila kitu.

"Choo kilikuwa kimesimama tu hivi," akasema, akasimama wima. "Halafu ardhi ikafanya hivi." Akapiga mguu chini.

Sakafu ikamjibu. Booo.

Afande akabaki na mguu mmoja juu. Akanitazama. Kisha akaongea polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeshika kisu.

"Mama, usisimame."

"Nimeketi."

"Basi usiketi kwa nguvu."

Akashuka kwa magoti. Akachukua kijiko cha sukari, akaanza kugonga taili moja baada ya nyingine, sikio karibu na sakafu. Alinieleza kwamba jeshini alifundishwa kutafuta mabomu ya ardhini na kwamba hii ni kazi ileile, ila hapa hakuna bomu. Akatoa chaki mfukoni. Sijui mwanamume wa miaka yake anatembea na chaki ya nini, sikuuliza. Taili iliyolia ko aliitia tiki. Iliyolia bo aliitia alama ya kosa, ile ya mwalimu. Alipomaliza, sakafu yangu ilikuwa kama daftari la mtoto aliyeshindwa na hesabu. Makosa kila mahali. Tiki zilikuwa chache, na kwa bahati zilishikana kidogo kidogo zikafanya njia: kutoka mlangoni hadi kiti changu, kutoka kiti changu hadi jikoni, na kona moja kali ya kuingia chumba cha kulala.

"Hii ndiyo njia," akasema. "Ukitoka nje ya njia, siwezi kukuhakikishia."

"Kwani chini kuna nini?"

"Chini hakuna kitu, Mama. Hiyo ndiyo shida."

Nilimwamini. Acheke anayetaka kucheka, lakini nilikuwa nimekiona kile choo kikiwa choo, na sasa kilikuwa hakiko. Na kana kwamba hiyo haitoshi, siku hiyohiyo nikipika maharagwe, taili moja ya ukuta wa jikoni ilijiachilia ikaingia kwa sufuria, chubwi, kama imechoka kusimama. Afande aliitwa. Akatazama ndani ya sufuria kwa muda mrefu.

"Nyumba inapunguza mzigo," akasema.

Basi nikaishi kwa njia. Mtu huzoea. Nilijua pa kuweka mguu nikiwa na sufuria ya moto mkononi, nikajua kwamba kwenye ile kona ya chumbani ni lazima nigeuke kwa kisigino. Kuku tu ndio walitembea wanavyotaka, na Afande akasema ni sawa, kuku ana mabawa.

Habari ilienea bila kutumwa. Watu walikuja kuangalia nyumba iliyo juu ya shimo. Walisimama mlangoni, wakaniambia pole, wakaomba Afande agonge kidogo wasikie. Alhamisi ilikuwa zamu yangu kukaribisha kikundi chetu cha akina mama, na sikutaka kuruka zamu. Afande akasema tunaweza kuingia lakini kwa mpango. Akasimama mlangoni kama yuko getini kwa kambi. Wa kwanza kufika alikuwa mwenyekiti wetu, mama mwenye mwili.

"Wewe ni kilo ngapi?" Afande akamuuliza.

"Ati nini?"

"Kilo. Ni ya usalama."

"Afande, bwana yangu tumeishi naye mpaka tukapata wajukuu na hajawahi kuniuliza hivyo."

"Bwana yako hana shimo."

"Aki huyu mzee! Nitakukalia hapohapo tuone nani anaingia shimo kwanza."

Tulimtuliza. Akawekewa kiti nje, dirishani, akaongoza mkutano kutoka huko akiwa amekasirika, kichwa ndani na mwili wote nje. Sisi wengine tulisimama kwenye njia, kila mtu na tiki yake, kama nguo kwenye kamba. Chai ilipitishwa mkono kwa mkono kutoka jikoni, na aliyekuwa karibu na mlango alipata kikombe kimenywewa na watatu. Mama mmoja alipotaka kwenda haja ilibidi safu yote itoke nje, apite, kisha turudi ndani kwa mpangilio uleule. Aliporudi, mwingine akasema naye anataka.

Pasta alikuja kuombea nyumba. Akasimama kizingitini, akasema tufumbe macho. Hakuna aliyefumba. Akaanza vizuri, kwa upole, lakini pasta wetu akipata moto huwa hajizuii. Akafika mahali pa kusema tumkanyage adui, akainua kiatu.

"Usikanyage!" tukapiga kelele sote pamoja.

Alimaliza maombi akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na yalikuwa maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba.

Sasa watu wanacheka, na wakati ule pia kuna waliocheka. Mimi sikucheka. Niliogopa, na niseme wazi kwamba shimo halikuwa kitu nilichokuwa nikiogopa. Kila siku mtoto wangu alipiga simu. Hakuuliza nimelalaje. Aliuliza shimo limelalaje. Halafu siku moja akaniambia, kwa ile sauti yake ya ofisi, kwamba Jumamosi anakuja na pickup. Nitaenda kukaa kwake. Nyumba itafungwa. Ng'ombe na kuku watatafutiwa mnunuzi.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Tutaona, Mama."

Najua "tutaona" ni muda gani. Nina rafiki wa rika langu kule Mau Narok, mwanamke aliyekuwa akisimamia shamba la ngano na wanaume wakimwogopa. Alichukuliwa na binti yake aende mjini apumzike kidogo. Mpaka leo anapumzika. Anakaa kwenye gorofa ya juu, na akitaka kujua kama mvua ilinyesha anampigia simu mlinzi wa geti. Hana anachopanda, hana anachongoja kiote. Nilimtembelea nikamkuta ameketi mikono juu ya mapaja kama mtu anayengoja kupigwa picha. Sikuwa tayari kuketi hivyo.

Jumamosi pickup ikaja. Mtoto wangu akaingia kwa njia ya chaki, mikono ameinyosha pembeni kama anavuka mto juu ya gogo. Akanisalimu. Akasema nijitayarishe.

"Siendi," nikasema.

"Mama, unaishi juu ya shimo."

"Na wewe unaishi wapi?"

"Mimi niko gorofa ya tano."

"Chini ya sakafu yako kuna nini?"

"Kuna watu wa gorofa ya nne."

"Na chini yao?"

"Mama."

"Nimekuuliza. Na chini yao?"

"Kuna watu wengine."

"Basi mimi nina shimo moja. Wewe una mashimo manne na yana watu ndani. Unanitoa kwa moja kunipeleka kwa manne?"

Afande alicheka mlangoni, kisha akakumbuka yuko kazini, akanyamaza.

Mtoto wangu ni mtu mzuri lakini akishaamua hasikii, hiyo alirithi, sitasema kwa nani. Akaanza kutoa vitu. Kitanda changu kikawa cha kwanza, kikapandishwa kwa pickup, na mimi nikamwambia kwamba hiki kiti nilichokalia kitatoka na mimi nikiwa juu yake. Akasema sawa, kitakuwa cha mwisho.

Hapo ndipo kamba ilipoingia. Afande alisema mtu yeyote anayebeba mzigo ndani ya eneo la hatari lazima afungwe. Mwisho mmoja wa kamba ukawa kiunoni kwa mtoto wangu, kamba ikazungushwa mti wa parachichi mara moja, na mwisho ule mwingine akaushika Afande mwenyewe, nje kwenye nyasi, miguu ameipanua.

"Nikisikia chochote, navuta," akasema.

"Usivute kabla hujaniuliza," mtoto wangu akasema.

"Mtu akianguka shimoni haulizwi."

Akashika kabati la vyombo, lililo upande wa chumba cha kulala. Ni la mbao ngumu, zito, halikuwa limesogezwa tena tangu siku ya taili. Akawa analivuta akirudi kinyumenyume, anatafuta tiki kwa kisigino, mimi nikimwelekeza. "Kushoto. Kushoto kwako wewe, si kwangu." Akafika ile kona ya chumbani. Mguu ukateleza. Akatazama chini, akaona kiatu chake kimesimama juu ya alama ya kosa.

Akapiga yowe, akaachilia kabati.

Mguu wa kabati ukatua kwa kona ya taili, na taili ikapasuka kwa mlio kama wa bunduki. Nje, Afande, ambaye alikuwa amengoja mlio kama huo tangu astaafu, akavuta. Sijawahi kuona mtu akitoka nyumbani vile. Taili ni laini, na suruali yake ilikuwa ya kitambaa cha ofisi. Alianguka chali akaondoka. Alinipita akiwa amelala, tukatazamana machoni. Akaruka kizingiti, akapotea.

Kabati lilisimama limeinama upande. Kisahani kimoja kikatoka, kikafikiria, kikaanguka. Nikangoja nyumba iende. Nikangoja tena. Nyumba haikwenda popote.

"Mama! Uko?" Hiyo ilikuwa sauti ya mtoto wangu kutoka kwenye nyasi.

"Niko."

"Usisogee! Tunakurushia kamba!"

Nikainuka. Nilitoka nje ya njia, nikapita juu ya makosa yote ya Afande, bo, bo, bo, mpaka kwa kabati. Nilikuwa nimechoka. Nilijiambia kwamba kama kuna shimo linanitoa kwa nyumba ya mzee wangu, basi niwe nimelitazama usoni. Nikapiga goti, nikaondoa vipande.

Shimo lilikuwa na kina cha kidole kimoja kilicholala. Na vidole vyangu si vinene.

Lile donge la gundi lilikuwa hapo, kavu, halikujipanua hata kidogo. Lilikuwa vile lilivyowekwa, andazi lililokaa wiki. Kutoka donge hilo mpaka la kona nyingine hakukuwa na kitu ila hewa, na chini ya hewa ilikuwa sakafu yangu nyekundu, inang'aa. Nililigusa donge kwa ukucha likabanduka lenyewe, safi, kwa sababu ya nta. Halikuwa limeshika chini wala pembeni. Mende mmoja akatoka chini ya taili ya kando, akanitazama kama mimi ndiye nimeingia kwake bila hodi, akarudi ndani.

Afande aliingia akitambaa kwa tumbo, na tochi, mchana.

"Mama, umeona chini?"

"Nimeona."

"Ni mbali?"

"Njoo utazame. Usije ukaanguka."

Akaja. Akamulika. Akaingiza kidole, kikagusa. Akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inaweza kuwa ndio mwanzo," akasema.

Mtoto wangu alikuja akiwa na nyasi kwenye nywele. Tukabandua taili nyingine ya kosa, na nyingine, zote zilikuwa vilevile: madonge na hewa. Tukajaribu kubandua ya tiki, ikakataa. Tulipoivunja tukaona kwa nini. Fundi hapo alikuwa amemwaga gundi nyingi kwa bahati mbaya, ikajaa chini yote mpaka pembe, na sehemu hiyo ya sakafu ilikuwa karibu na mlango ambapo nta ilishaisha kwa viatu. Iliyojaa inalia ko. Yenye hewa inalia bo, na ukiiwekea uzito kwa kona inavunjika, kwa sababu haina kitu cha kulalia. Hiyo ndiyo siri yote ya shimo la Gilgil.

Fundi alipigiwa simu, akafika alasiri hiyohiyo, nasema ukweli. Akasimama mlangoni akatazama alama za chaki, kamba, na kabati lililoinama.

"Shosho, kwani kulikuwa na vita?"

Nikamwonyesha. Akakuna kichwa.

"Lakini hivyo ndivyo tunafanya sisi wote."

"Ulisema inajipanua."

"Huwa inajipanua kidogo."

"Kidogo kama hiki?" Nikamwonyesha kidole.

Akacheka, nami sikucheka, akaacha. Alisema ukweli kwamba kwa madonge kazi inaenda haraka, na kwamba kuna njia nyingine, ya kuichana gundi. Nikamwambia afungue mkoba. Ndani kulikuwa na mwiko wa meno, ule wa kuchania gundi, na meno yake yalikuwa yamejaa udongo mwekundu. Alikuwa akikwangulia matope ya gumboot.

Akauosha mbele yangu.

Tukaanza upya. Kwanza ilibidi ile sakafu yangu itobolewe vidonda kwa nyundo na patasi ili gundi ipate pa kuuma. Hilo lilinikera kuliko yote, nikatoka nje mpaka wakamaliza. Kisha vumbi likafagiwa na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Kisha gundi ikamwagwa chini na kuchanwa na ule mwiko, mistari ya kwenda upande mmoja kama shamba lililolimwa vizuri, na mgongo wa taili nao ukapakwa kidogo, pembe hadi pembe, kama mama anayempakia mtoto siagi kwenye mkate bila kumnyima. Taili inakalishwa, inasukumwa kidogo kuvuka mistari ili ilale na hewa itoke, ndipo nyundo ya mpira. Mtoto wangu alikunja mikono ya shati akaingia kazini, bila mtu kumwambia.

"Boss, nyoosha mistari," fundi akamwambia. "Usichore kama mawimbi."

Mimi niliketi mlangoni. Kila mara nilisema, "Hiyo, inua nione mgongo." Fundi anainua. Mgongo ukiwa umejaa nasema weka. Pembe ikiwa kavu nasema rudia. Ya ukutani ndiyo nilikuwa mkali zaidi, kwa maana ya ukutani ina sufuria chini yake.

"Shosho, tukiinua zote hatutamaliza."

"Mimi sina haraka. Anayeharakishwa kuondoka ni mimi, si wewe."

Kwa sababu kitanda changu kilikuwa bado juu ya pickup, kimefunikwa turubai, na mtoto wangu hakuwa amekigusa. Taili zikaachwa zikauke bila kukanyagwa. Tulikaa kwa Afande siku hizo, na mke wake alimfanya aoshe vyombo vyote kwa ajili ya aibu. Hapo kwa Afande, tukinywa uji, ndipo mtoto wangu aliposema lile alilokuwa nalo.

"Mama, shimo lilikuwa la uongo. Lakini ufa wa bondeni ni wa kweli. Na hata ufa usingekuwepo, ingekuwa yaleyale. Mimi naogopa siku utaanguka humo ndani na hakuna mtu."

Sikuwa nimelitegemea. Nikanywa uji kwanza.

"Hata kwako mchana hakuna mtu," nikamwambia. "Wewe kazini, mke wako kazini. Nitaanguka palepale, tofauti ni kwamba wa gorofa ya nne atasikia. Hapa nikichelewa kufungua kuku, Afande yuko mlangoni na chaki."

"Kweli kabisa," Afande akasema kutoka kwa karai la vyombo.

"Ukitaka kuniangalia, njoo uniangalie. Usitume taili."

Taili zilipokauka, aliingia peke yake na kijiko. Akashuka kwa magoti, akagonga nyumba nzima, moja baada ya nyingine, pembe zote, mpaka chini ya dirisha. Nilisimama nje nikisikiliza. Kama hata moja ingelia bo, najua angeshika hiyo moja kama sababu ya kuniondoa. Ko, ko, ko, mpaka mwisho. Akatoka, akajipangusa magoti, akaenda kwa pickup, akafungua turubai.

"Afande, shika upande ule," akasema.

"Kamba?"

"Achana na kamba."

Kitanda kikarudi chumbani, wakikivusha katikati ya sebule moja kwa moja.

Aliondoka mchana huo. Kwenye kiti cha mbele, mahali alipokuwa amenitandikia blanketi, nilimwambia Afande aweke gunia la viazi, na akalifunga mkanda bila kuambiwa. Mtoto wangu akalitazama, akanitazama.

"Fika salama," nikamwambia. "Mwambie mke wako mama amekuja, na asimenywe maganda manene."